Nguvu za Ofisi: Utatoa Hesabu kwa Nani?

Wiki hii hebu tujiulize swali moja. Mtu akipewa na serikali uwezo wa kukamata, kufunga na kuchukua mali ya watu, ni nini kinachofanya matumizi ya nguvu hizo yawe ya haki? Inatosha kusema, "Mimi nilitumwa tu"?

Twende Uingereza, karne ya 12. Nchi iligawanywa katika kaunti, na katika kila kaunti mfalme alikuwa na afisa wake aliyeitwa sherifu. Huyo ndiye alikusanya mapato ya mfalme na kukamata wahalifu, na mara nyingi alishika ngome na jela pia. Mara mbili kwa mwaka, Pasaka na mwisho wa Septemba, alifika mbele ya wahasibu wa mfalme kutoa hesabu.

Mimi nilisomea biashara, na mpango kama huu naujua. Sherifu alipangiwa kiasi cha kuleta kila mwaka, na kilichozidi kilibaki mfukoni mwake. Sasa mpe mtu tageti, mpe askari na jela, halafu umwambie cha ziada ni chake. Huhitaji kuwa nabii kujua mwisho wake. Tena wahasibu walitaka kujua kama pesa imefika. Ilipatikana vipi, hilo halikuwa swali lao.

Mwaka 1170 mfalme Henry wa Pili alirudi Uingereza baada ya kukaa miaka 4 ng'ambo. Akaagiza uchunguzi juu ya masherifu. Safari hii wananchi wenyewe waliapishwa na kuulizwa: Mlitozwa nini tangu mfalme aondoke? Kwa sababu gani? Nani alishtakiwa bila haki? Masherifu wengi walipoteza kazi.

Kuna swali moja katika uchunguzi huo linalonigusa sana. Watu waliulizwa kama sherifu alirudisha kitu chochote, au alipatana nao, baada ya kusikia mfalme anakuja, ili malalamiko yasimfikie. Kumbe mfalme aliwajua watu wake! Kurudisha mali si lazima iwe toba. Inaweza kuwa ni kununua kimya cha uliyemwonea. Zakayo naye alirudisha, lakini alisimama mbele ya Bwana akasema wazi atarudisha mara nne.

Mtu atasema, "Pasta, bila nguvu wezi watatawala." Ni kweli. Paulo anafundisha hivyo katika Warumi 13. Hata Yohana Mbatizaji, askari walipomwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasidhulumu watu, wasiwasingizie, waridhike na mshahara wao (Luka 3). Yaani ofisi ibaki, lakini dhuluma iondoke.

Waingereza walijifunza polepole, maana kufukuza masherifu bila kubadilisha mpango hakukuponya ugonjwa. Mwaka 1215, mfalme John alilazimishwa kukubali mkataba wa Magna Carta. Humo iliandikwa kwamba afisa asichukue nafaka ya mtu bila kulipa papo hapo, isipokuwa mwenyewe akubali kungoja. Asimpeleke mtu mahakamani kwa neno lake peke yake bila mashahidi. Na wanaopewa kazi hizo wawe watu wanaojua sheria na wanaokusudia kuishika.

Basi jibu langu ni hili: kutumwa hakutoshi. Mwenye nguvu ana hesabu mbili. Ya kwanza ni kwa aliyemtuma, ya pili ni kwa yule aliyewekewa mkono. Ndugu yangu, labda wewe ni askari, au karani, au msimamizi wa vibarua. Bosi wako anaangalia kitabu, na kitabu kiko sawa. Lakini Mfalme wetu anakuja, na atawauliza waliokuwa chini yako. Kama kuna cha kurudisha, rudisha leo, na useme kwa nini unarudisha. Mungu awabariki.