Wafu hawatudai sifa, wanatudai ukweli

Je, mtu akishakufa na kuzikwa, bado ana haki juu yetu sisi tulio hai? Wengi watajibu haraka kwamba haki yake ni kuoshwa, kukafiniwa, kuswaliwa na kuzikwa, madeni yake yalipwe na wasia wake utekelezwe, basi. Jibu hilo ni sahihi, lakini nadhani halijamaliza jambo.

Nalileta swali hili kwa sababu ya filamu ya katuni iitwayo Coco, ambayo vijana wetu hapa Zagayu wanapeana kwenye simu. Nimewasikia wazee wakisema ni ushirikina mtupu, watoto wapigwe marufuku. Vijana nao wanasema ni katuni tu, mambo ya kuchekesha. Mimi nimeiangalia mwanzo hadi mwisho, na naona pande zote mbili zimeipita habari yenyewe kando.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 2017, ikaongozwa na Lee Unkrich akishirikiana na Adrian Molina, na mwaka 2018 ikapata tuzo mbili za Oscar. Inahusu desturi ya watu wa Mexico ambao kila tarehe 1 na 2 Novemba huwakumbuka wafu wao kwa kupanga picha, maua na vyakula mezani. Ni desturi wanayoionea wivu mkubwa. Mwaka 2013 kampuni ya Disney ilipotaka kusajili jina la siku hiyo liwe alama yake ya biashara, watu wenye asili ya Mexico walikuja juu mpaka kampuni ikarudi nyuma. Walihoji: hivi kumbukumbu ya mababu wa watu inaweza kuwa mali ya mfanyabiashara?

Katika filamu, mfu ambaye hakuna tena aliye hai anayemkumbuka hutoweka kabisa. Hapo Muislamu hawezi kukubaliana nao. Roho haiishi kwa hisani ya kumbukumbu zetu, na Mola aliyeiumba hasahau hata kama dunia nzima imesahau. Wala chakula hakiwafikii walio makaburini. Sisi Wasukuma tunalijua vizuri jambo hili, kwa sababu nasi tulikuwa na masamva wetu, tukiwatambikia na kuwaomba mvua na uzazi. Hilo tumeliacha, na hatulirudii.

Lakini ukiishia hapo, utakuwa umeliona ganda na kuacha tunda. Kisa chenyewe hakihusu kusahaulika tu, kinahusu kusingiziwa. Familia ya mtoto Miguel imekaa vizazi vinne ikiamini kwamba babu yao mkubwa aliitelekeza familia kwa ajili ya muziki. Picha yake imechanwa na jina lake halitajwi nyumbani. Kumbe mtu yule alikuwa njiani kurudi kwa mkewe na bintiye, akalishwa sumu na rafiki yake, aliyeziiba nyimbo zake akapata utajiri na sifa. Muuaji amejengewa sanamu, na aliyeuawa analaaniwa na kizazi chake mwenyewe.

Na ni nani aliyeufungua ukweli huo? Ni bibi kizee Coco, bintiye marehemu, anayekaa kitini bila kusema kitu, ambaye watu wa nyumbani walidhani hana tena cha kutoa. Yeye ndiye aliyekuwa amezificha barua za baba yake na kipande cha picha kilichochanwa.

Sasa turudi kwetu. Kata yetu ya Zagayu, ambayo wengi bado tunaitaja kwa Bariadi ingawa siku hizi ipo Wilaya ya Itilima, imo katika Mkoa wa Simiyu uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Huku majina ndiyo maktaba yetu. Mtoto hupewa jina la babu au bibi, na kwa jina hilo ukoo unahesabu ulikotoka. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilipowahamisha watu kwenye miji yao, makaburi yalibaki kwenye mahame, mengine yamelimwa pamba. Kilichobaki mkononi ni majina.

Lakini yapo majina ambayo hakuna anayempa mtoto. Ni ya wale vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Kati ya mwaka 1970 na 1984 peke yake, watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za namna hiyo, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ni hapa Usukumani. Mauaji yaliendelea miaka mingi baadaye. Ushahidi ulikuwa nini? Macho mekundu! Mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa kuni mbichi, mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe, katika nyumba isiyo na dirisha, unategemea macho yake yawe meupe? Ng'ombe amekufa, mtoto ameugua, mpiga ramli chonganishi kasema ni bibi. Na mara nyingine nyuma ya ramli lilikuwepo shamba la kurithi.

Katika ukoo wetu yupo bibi mmoja wa namna hiyo. Nimekua nikisikia akitajwa kwa sauti ya chini, "yule mchawi". Wajukuu zake ni wengi, na hakuna hata mmoja anayeitwa kwa jina lake. Walionyanyua panga walishakufa, lakini maneno yao bado tunayasema sisi, tena mbele ya watoto. Panga lilimuua mara moja, ulimi unamuua kila mwaka.

Najua nitaambiwa yaliyopita si ndwele, usifukue fitna, wajukuu wa wauaji na wajukuu wa aliyeuawa wanachota maji kisima kimoja. Hoja hiyo ina uzito, maana kisasi kingeteketeza vijiji. Lakini kusamehe ni haki ya aliyedhulumiwa, na huyu hayupo. Nani katupa sisi madaraka ya kusamehe kwa niaba yake huku tukiendelea kumsingizia? Mtume (SAW) alikataza kuwatukana wafu. Simtaki mtu yeyote apelekwe polisi kwa kosa la babu yake. Nataka uongo ukome.

Mwingine atasema: bibi huyo hakuwa hata Muislamu. Ni kweli, wengi wa wazee wetu hawakuwa Waislamu, na suala la kuwaombea lina hukumu yake, waulizwe masheikh. Lakini uadilifu hauna sharti hilo. Qur'an imetuamrisha kuwa waadilifu hata kwa watu tunaowachukia, sembuse mama aliyemzaa babu yako!

Kwa hiyo, ndugu msomaji, jibu langu ni hili. Wafu hawatudai karamu wala maua. Wanatudai ushahidi wa kweli. Penye jina lililochafuliwa bila haki, wazee wa ukoo wakae, waseme wazi kwamba mama yule alidhulumiwa, na akizaliwa binti apewe jina lake bila woga.

Na tuanze na walio hai. Surat Bani Israil imetukataza hata kuwaambia "ah!" wazazi waliozeeka. Bibi aliyekaa pembeni ya jiko macho yakimtiririka, mpeleke hospitali, mjengee jiko lenye bomba la kutolea moshi, kisha keti naye akuhesabie majina ya ukoo. Huenda ndiye pekee aliyebaki anayejua nani alizikwa wapi, na kwa nini.