Ukweli wa Picha ya Nyota Juu ya Vilima vya Iveti

Anayeanza kupiga picha za anga la usiku hushauriwa kutumia lenzi pana, ya milimita 14 hadi 24. Dunia huzunguka takriban nyuzi 15 kila saa, na lenzi inayovuta mbali hugeuza nyota kuwa mstari katika sekunde chache. Wapiga picha hukadiria muda kwa kugawanya 500 kwa milimita za lenzi: lenzi ya 20 huruhusu sekunde 25. Kamera ikisimamishwa kwenye vilima vya Iveti, juu ya mji wa Machakos, usiku wa Januari usio na mbalamwezi, sekunde hizo hukusanya nyota ambazo jicho halikuziona na rangi ambazo jicho halizitambui gizani. Je, picha ya kitu ambacho hakuna aliyekiona ni ushahidi au uzushi?

Anayelifanya jicho kuwa hakimu ana kesi ngumu mbele ya al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111. Nyota, alieleza, huonekana ndogo kama dinari, ilhali hoja za hesabu huthibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Akili basi huisahihisha hisi. Lakini hakuishia hapo: aliuliza ni nani ataisahihisha akili. Kamera nayo huisahihisha hisi, nayo pia yahitaji msahihishaji.

Maana lenzi pana ina makosa yake. Vilima vya Iveti, ambavyo mkazi wa Machakos huvitazama kwa kuinua kichwa, hubaki ukingo mwembamba chini ya picha, na nyota za pembeni huvutwa zikapoteza umbo. Upotoshaji huu, hata hivyo, hufuata kanuni: ajuaye lenzi iliyotumika anaweza kuukokotoa na kuurekebisha. Anga la jangwani likibandikwa juu ya Iveti, hakuna hesabu itakayoirudisha picha kwenye usiku ule. Mpaka wa uongo uko hapo, wala si pale jicho linapokomea.

Suala la wakati ni zito zaidi. Katika picha moja nuru ya nyota Sirius ina umri wa miaka 8.6, ile ya kundi la nyota la Kilimia zaidi ya 400. John Mbiti, Mkamba aliyezaliwa Kitui mwaka 1931 na kuwa kasisi wa Kianglikana, alidai katika kitabu chake cha 1969 kwamba kwa Mwafrika matukio hutoka Sasa na kuzama katika Zamani. Wengine, akiwemo mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana, walimpinga. Picha ya nyota humuunga mkono nusu tu: Zamani na Sasa zimo pamoja, ila hapa Zamani ndiyo inayosafiri kuijia Sasa.

Wengi humsimamisha mtu chini ya picha ili aonekane mdogo mbele ya Muumba. Udogo huo umetoka kwenye milimita 20. Lenzi ya 50, pale pale, ingemkuza. Unyenyekevu waweza kuwa wa kweli, lakini picha haiuthibitishi. Isitoshe, si kila imani huliona anga kuwa ugeni. Simulizi ya Wakamba husema Mulungu aliwashusha watu wa kwanza kutoka juu hadi mwamba wa Nzaui, ulio leo katika Kaunti ya Makueni, na nyayo zao husemekana zingali pale. Kwa simulizi hiyo, anayeelekeza lenzi juu anapiga picha ya kwao.