Semeni Mkiwa Ndani ya Kikao

Wanangu mliochaguliwa juzi kuongoza jumuiya, kanda na Halmashauri ya Walei, hongereni. Mimi nimezeeka na vikao vimenichosha. Maneno haya nimeyasema kwa viongozi waliowatangulia, wakaitikia "sawa mzee", wakaenda zao. Ninyi nisikilizeni tena, taratibu tu, hatukimbizani.

Tuanze na namna mlivyoingia. Jumamosi asubuhi na mapema, Injili imeshasomwa, maombi yamekwisha, mtu anasimama anasema leo tunachagua viongozi. Papo hapo kila mmoja anatazama chini. Mwishowe anachaguliwa yule ambaye hakuja, ili asipate nafasi ya kukataa. Au anachaguliwa mwenye gari, maana siku ya mavuno atatoa zaidi. Waliojaa mkekani ni akina mama, lakini mwenyekiti lazima atafutwe baba, hata kama baba mwenyewe huonekana jumuiyani kukiwa na msiba tu. Mama anapewa uhazini kwa sababu ni mwaminifu na hachoki. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, ipo tangu 1972, inaendesha mambo makubwa kuliko haya, na bado tunamtafuta baba. Halafu tunatoka tukijisifu kwamba tumepiga kura kidemokrasia. Kura ipo, kweli. Kilichokosekana ni nia.

Mtu aliyeingia hivyo atazungumza nini mbele ya Paroko? Ataitikia. Tena ataitikia haraka, kikao kiishe. Mkitoka nje, chini ya mwembe, ndipo utasikia hoja zote: ujenzi umeanza bila makadirio, hesabu hazijasomwa tangu Pasaka, kigango cha mbali hakijapata Misa. Hoja nzuri kabisa, zimekosea mahali. Padre hana masikio ya kusikia yanayosemwa mwembeni, na kumlaumu kwa hayo ni kumwonea.

Msidhani kusema ni kiburi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya 1964, ulikwishatamka kwamba mlei anaruhusiwa, na wakati mwingine analazimika, kutoa maoni yake juu ya mambo yanayohusu mema ya Kanisa. Sheria ya Kanisa ya 1983 ikalirudia hilo katika kanuni ya 212, ikiongeza kwamba aseme kwa heshima kwa wachungaji na kwa kujali mema ya wote. Kwa hiyo anayenyamaza kikaoni asijiite mtiifu.

Lakini nanyi msijidanganye. Parokia si bunge. Paroko hakuomba kura zenu, ameteuliwa na askofu. Na kanuni ya 536 inasema wazi kwamba baraza la kichungaji la parokia linaongozwa naye, na kura ya baraza hilo ni ya kushauri tu. Nimeona vijana wakihesabu kura kama wanataka kuipindua serikali, wakaunda kambi, kambi zikafuata makabila, na parokia ikapasuka kwa sababu ya uenyekiti usio na hata posho. Mjue mipaka yenu. Ila kushauri ni kazi ya kabla, wakati uamuzi bado ni mbichi. Kuwaita watu baada ya msingi kuchimbwa ili wapigiwe hesabu ya mifuko ya saruji, huko ni kutoza. Hata Sinodi iliyofungwa Roma Oktoba 2024 iliomba mabaraza haya yawe ya lazima na kanuni hiyo ya kura ya kushauri tu itazamwe upya, na Papa Fransisko akaidhinisha hati ya Sinodi hiyo bila kuandika yake. Maaskofu wanayajadili haya bila woga. Ninyi mnaogopa nini?

Sasa fedha, ambako ndiko mnakotetemeka. Kamati ya fedha si hiari ya Paroko: kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe nayo. Na kanuni ya 1287 inataka waamini wapewe hesabu ya mali waliyoitoa, kwa utaratibu wa jimbo. Kuuliza mapato na matumizi, basi, si uasi. Uliza kikaoni, hoja ikiwa kwenye ajenda, ukiwa na karatasi mkononi. Usiulize usiku wa manane kwenye kundi la WhatsApp. Usipojibiwa, uliza tena kikao kinachofuata, kwa sauti ile ile. Na kabla hujauliza, soma kwanza hesabu za kwaya yako na za jumuiya yako. Wapo wanaodai risiti za ofisi ya parokia huku daftari lao la rambirambi halijafunguliwa mwaka mzima.

Na fedha hizi zimeingia hadi jumuiyani. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi 1973, na tena 1976, walizifanya jumuiya ndogondogo kuwa msingi wa uchungaji katika nchi zetu, mahali pa kusali, kujuana na kusaidiana. Leo kiongozi wa jumuiya akibisha hodi, watoto wanakimbia kumwambia mama amekuja mtu wa michango. Zaka, ujenzi, mavuno, zawadi ya padre mpya, kisha kadi igongwe mhuri, la sivyo ubatizo wa mtoto unasubiri. Tumewafanya watu waione jumuiya kama ofisi ya kodi, kisha tunauliza kwa nini wanaume hawaji.

Kwa hiyo nawaomba hili tu. Kikao kijacho, kabla ajenda haijapitishwa, ombeni yaingizwe mambo mawili: taarifa ya fedha, na maswali yaliyotoka jumuiyani. Mkirudi nyumbani, waambieni watu Paroko alijibu nini, hata kama amekataa, na sababu aliyoitoa.