Mwanamke na Amani ya Mji



Twawasikia wasemao kwamba mambo ya amani na usalama hayamhusu mwanamke. Twawauliza: hujja yenu ni ipi? Mwaka wa 6 wa Hijra, suluhu ya Hudaybiya ilipokwisha kuandikwa, Mtume (S.A.W.) aliwaamuru Masahaba wachinje na wanyoe, wasiinuke kwa uchungu waliokuwa nao. Aliyempa shauri ni mkewe, Ummu Salama: atoke, asiseme na mtu, achinje na anyolewe. Akafanya hivyo, nao wakamfuata. Na siku ya kufunguliwa Makka, Ummu Hani aliwapa himaya watu waliokimbilia kwake, na Mtume akaipitisha.

Basi Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipotoa azimio nambari 1325, tarehe 31 Oktoba 2000, likataka wanawake washirikishwe katika kulinda amani, halikutuletea jambo geni. Wala mfano wa karibu haukosekani. Huko Wajir, mwanzo wa miaka ya 1990, koo zilipokuwa zikiuana, wanawake wa Kiislamu, miongoni mwao marehemu Dekha Ibrahim Abdi, walianza na soko: kila mwanamke auze na anunue, asiulizwe ukoo wake. Kisha wakawaendea wazee na vijana, na mwaka 1993 wazee wakapatana. Stara yake Dekha haikumzuia.

Na hapa kwetu? Vijana wa Kwale wamevutwa kwenda Somalia kwa jina la dini, na dini haimo. Ajuaye kwanza ni mama: aona mwanawe amebadilika maneno na marafiki. Lakini amwendee nani? Akenda kwa askari, achelea mwanawe asionekane tena. Akenda barazani, akuta wanaume watupu. Akija msikitini, aambiwa arudi nyumbani. Basi hunyamaza, na watu husema ameridhia. Hii ni dhulma, na jawabu yake itatakwa kwa wenye mabaraza.

Amri ya Mwenyezi Mungu ya kuwasuluhisha waumini haikushushwa kwa wanaume peke yao. Kwa hivyo twataka kila baraza la suluhu liwe na wanawake waaminifu wenye neno la kusikizwa, na kila msikiti uweke darsa ya kina mama, wampate wa kumwambia siri naye akaihifadhi. Mama asikizwe leo, kabla hajaitwa kuitambua maiti.