Serikali Inaweza Kuzuia Bitcoin?

Kijana mmoja aliniuliza swali hilo baada ya ibada. Tuangalie Nigeria. Februari 2021, Benki Kuu ya huko iliagiza benki zifunge akaunti za wanaofanya biashara ya sarafu za kidijitali. Benki zikatii. Watu je? Wakaanza kuuziana wao kwa wao kwa simu: huyu anatuma naira, yule anaachilia sarafu. Benki ikiangalia, inaona tu mtu ametumia mwenzake pesa. Desemba 2023, Benki Kuu ikalegeza amri hiyo.

Kwa hivyo jibu langu ni hili: serikali inaweza kufunga mlango wa benki, kwa sababu benki ina ofisi, leseni na meneja wa kuulizwa. Bitcoin haina ofisi. Daftari lake liko kwenye maelfu ya kompyuta duniani kote.

Lakini ngoja, usishangilie bado. Ukiuziana gizani halafu utapeliwe, utamshtaki nani? Sheria uliyoikwepa jana ndiyo unayoitafuta leo ikutetee. Hapa kwetu Kenya, sheria ya 2025 imechagua njia nyingine: kampuni za biashara hii zichukue leseni. Angalau kuna mlango wa kubisha.

Ndugu yangu, kutoshikwa si ruhusa. Kabla hujauliza kama serikali itakuona, jiulize: biashara hii ningeieleza mezani, mke wangu na watoto wakisikiliza? Kama jibu ni hapana, hauhitaji kungoja serikali ikuzuie.