Jirani ni Mwalimu

Watoto wa kijiji wakidhoofika kwa utapiamlo, nani astahiliye kuwafundisha mama zao namna ya kuwalisha? Wengi watajibu upesi kuwa ni mtaalamu. Jawabu hilo lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote.

Mwishoni mwa mwaka 1990, Jerry Sternin, Mmarekani, na mkewe Monique walikwenda Vietnam, wakafanya kazi katika vijiji vya mkoa wa Thanh Hoa ambako watoto wengi walikuwa na utapiamlo. Hawakuanza kwa kuhubiri. Waliuliza kwanza kama miongoni mwa maskini hapakuwa na nyumba ambazo watoto wake walikuwa na siha. Nyumba hizo zilikuwapo. Mama zao walikuwa mafukara kama wenzao, lakini waliokota kamba na kaa wadogo katika mashamba ya mpunga, wakachuma majani ya viazi vitamu, wakavitia katika wali wa watoto. Wengine walidhani vyakula hivyo haviwafai wadogo. Tena mama hao waliwalisha watoto kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Ndipo wanawake wa kijiji wakakutana, wakapika pamoja, kila mmoja akija na kamba na majani aliyoyatafuta mwenyewe. Watoto wengi wakanawiri.

Hapa, msomaji, pana mafunzo mawili. Kwanza, umaskini wa mali si umaskini wa maarifa. Pili, mgeni akisema jambo lawezekana, husadikiwa nusu. Jirani wa hali moja akisema, husadikiwa kamili, kwa maana chungu chake chaonekana na mtoto wake yuaonekana.

Lakini jihadhari: shauri si chakula. Amlaumuye mwenye njaa kwa njaa yake humwongezea mzigo. Pasipo shamba, maji wala ujira wa kutosha, elimu hufika kikomo, na wenye mamlaka hawasamehewi wajibu wao.

Je, wewe? Shuleni umejifunza faida ya kunde, mchicha na dagaa, na faida ya kuuzoeza mwili kazi na michezo. Urudipo nyumbani, usimsomee mama yako somo hilo kama hakimu asomaye hukumu. Chuma mboga, upike; mwite mdogo wako mkimbie pamoja uwanjani. Kisha muulize mama alikuleaje alipokuwa na kidogo. Huenda ukamwona mwalimu mahali ulipodhani pana mwanafunzi.