Juzuu la Sita
Mwaka 1996, maktaba ya taifa ya Kenya ilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia. Mwaka huohuo, George R. R. Martin wa Marekani alitoa riwaya ya kwanza ya mfululizo wake wa falme na mazimwi.

Ngamia hurudi. Msomaji huazima kitabu, na baada ya wiki mbili msafara huingia tena kijijini na masanduku yake ya mbao.

Martin, je? Juzuu la tano lilitoka 2011. La sita bado linasubiriwa.

Msomaji anampenda na kumnung'unikia papo hapo, na ana haki. Aliyekulia kwenye ukame wa Wajir haoni ajabu falme nzima kuuogopa msimu ujao: majira yale marefu ya baridi yanatisha kama kiangazi kisichoisha. Hapo Martin ni fundi hasa. Lakini wahusika wamemzidi wingi, na hadithi imetawanyika mno.